CHEMBE SAHANI: ZIMELALA AU ZIMEAMKA?

Mwezi wa Mei mdogo wangu alishikwa na malaria. Alipopimwa damu, karatasi ilirudi imeandikwa "PLT 58". Mama akatetemeka kama unyasi, akidhani ni saratani. Mimi huyoo, mbio kwa mwalimu wa Biolojia.

Kumbe PLT ni chembe sahani! Hiyo 58 ni elfu, katika tone dogo la milimita moja ya ujazo. Kawaida huwa 150,000 hadi 450,000. Ni vijiseli visivyo na kiini, na huishi siku 8 hadi 10 hivi. Ukijikata na panga, ndizo hukimbilia jeraha, zikashikana na kuliziba.

Sasa sikiliza. Kuhesabu ni kama kuhesabu wanafunzi paredi: utajua wako mia tatu, lakini nani anasinzia hutajua. Chembe iliyolala ni bapa kama sahani. Ikiamka huota mikono, na vifuko vilivyomo ndani hufunguka. Protini iitwayo P-selektini, iliyokuwa imejificha humo, hutokea juu ya ngozi yake. Nyingine, kama beta-thromboglobulini, humwagika katika damu. Hizo ndizo alama wanazotafuta wataalamu wa maabara.

Lakini kazi ina matata! Chembe hizi ni nyepesi kushtuka. Mkono ukifungwa mpira kwa muda mrefu, sindano ikisumbua, ama damu ikitiwa kwenye friji, zinaamka zenyewe chupani, na majibu yanadanganya. Ndiyo maana kipimo hiki hufanywa zaidi katika maabara za utafiti. Kwingi huhesabiwa tu.

Yatuhusu nini? Huku kwetu Migori na Homa Bay malaria ni jirani. Hata chanjo yake ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2019, ilizinduliwa Ndhiwa. Utafiti wa damu ya watoto wa Kilifi, uliochapishwa 2001, ulionyesha kwamba chembe sahani hugandamanisha chembe nyekundu zenye vimelea, zikawa mabonge, na mabonge hayo yalionekana zaidi kwa watoto wenye malaria kali. Basi si ajabu hesabu ikishuka: nyingine zimetumika vitani.

Mdogo wangu alimeza dawa siku tatu. Baada ya wiki mbili tukarudi: PLT 210. Karatasi hiyo Mama ameitia ndani ya Biblia.