Trei za mayai hazimezi besi

"Fundi, sebule yangu inataka trei ngapi?" Swali hili hunifikia kwa simu, kwa ujumbe, na hata msibani. Muulizaji kanunua sabufa, kaisukumia konani nyuma ya kochi, besi inavuma mpaka vioo vya kabati vinacheza, maneno ya mwimbaji hayashikiki tena, na sasa kashaongea na kijana wa banda la chipsi amwekee trei za mayai. Jibu ni sifuri. Kama gundi bado haijafunguliwa, soma.

Sauti ni mawimbi ya hewa, na kila wimbi lina urefu wake. Kwa joto letu la pwani, nyuzi 30 hivi, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Besi ya hezi 50 basi ina wimbi la karibu mita 7. Trei ina kina cha sentimita 5, na ni karatasi. Wimbi la mita 7 likifika hapo haliulizi hodi: linapita, linagonga tofali, linarudi. Hata uzipange mpaka dari, ukuta kwa besi ni uleule.

Kuna ubaya zaidi ambao wauza ushauri hawausemi. Vifaa laini au vyenye vitundu hula sauti pale hewa inapokwenda na kurudi, kwa sababu msuguano ndio unaogeuza nguvu ya sauti kuwa joto. Sasa, kwenye uso wa ukuta hewa haina pa kwenda. Pale kuna mkandamizo mtupu, mwendo hamna. Kwa hezi 50 mwendo wa hewa huwa mkubwa kabisa kama mita 1.75 kutoka ukutani, yaani katikati ya zulia lako. Kwa hiyo kitu chembamba kilichogandishwa ukutani kimewekwa mahali ambapo hakina kazi. Sponji za vipembe zinazouzwa kwa jina la studio, zikiwa nyembamba, ziko kundi hilohilo, ila hizo zina bei.

"Lakini fundi, nilipobandika nilisikia tofauti." Bila shaka. Trei hupunguza kidogo sauti za kati na za juu: matoazi, kayamba, ncha za herufi s na t. Umepunguza ule upande uliokuwa unashindana na besi, ukaiacha besi ilivyo. Kwa hesabu ya sikio, umeongeza mvumo.

Wengine hunitajia Wallace Sabine, yule mwanafizikia wa Harvard ambaye mwaka 1895 alianza kuhamisha mito ya viti vya ukumbi mmoja kwenda mwingine ili apime jinsi mwangwi unavyopungua. Ni kweli, ulipungua. Ila alikuwa na mito minene, mingi, na filimbi yake ya kinanda ililia hezi 512, wimbi lisilofika mita moja. Usimbebeshe Sabine mzigo wa sabufa yako.

Na wale wanaotaka trei zizuie sauti isifike kwa jirani: kinachozuia besi ni uzito. Trei moja haifiki gramu mia. Kinachokaa vizuri humo ni mende. Wanaofuga wadudu kama nyenje huwapa trei hizohizo wajifiche. Juu ya hapo ni karatasi kavu, na mara nyingi imezunguka soketi na nyaya za umeme. Hapo sitanii.

Tatizo lako ni chumba. Chukua sebule ya mita 4 kwa 4, ramani ambayo mafundi wetu wanaipenda mno. Wimbi ambalo nusu yake inaenea sawasawa kati ya kuta mbili ni la hezi 43.6, na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta nyingine mbili zinaitikia hapohapo. Waya mnene wa gitaa la besi huanzia E, hezi 41. F inayofuata ni hezi 43.65. Mpigaji akigusa F, sebule nzima inapokea na kuendelea kuvuma hata yeye akiwa ameshaacha. Akipanda hadi G, hezi 49, unadhani ameondoka jukwaani. Rumba nzuri inageuka noti moja.

Jaribu mwenyewe. Weka programu ya simu inayotoa mlio wa masafa mamoja, iunganishe na spika, tafuta mlio unaovuma kuliko yote, kisha tembea kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Ukutani utakujaa kifuani, katikati ya chumba utanywea, upande wa pili utarudi. Na kochi lako liko wapi? Limeegemea ukuta.

Ndiyo maana pia sabufa iliyokuwa na adabu kwenye nyumba ya zamani, yenye dari la plaiwudi chini ya bati na madirisha ya vioo vya luva, inakuwa nyati ukihamia ghorofani. Kule besi ilikuwa inatoroka. Huku kuna zege juu, vigae chini na tofali pembeni.

Haya, cha kufanya. Toa sabufa konani kwanza. Kona huamsha mivumo yote ya chumba kwa pamoja. Ijaribu katikati ya ukuta, au iweke pale unapokaa, washa wimbo wenye besi, tembea kwa magoti kando ya kuta, na pale inaposikika safi ndipo pake. Vuta kochi nusu mita au zaidi kutoka ukutani. Usikae katikati kabisa ya chumba. Punguza kitufe cha sauti cha sabufa. Wengi wamekiacha mwisho tangu siku ya kwanza. Kata masafa yake kwenye hezi 80 kama spika zako kubwa zinaweza kupokea hapo, na jaribu swichi ya awamu, ya 0 na 180. Spika zenye tundu, ziba kwa soksi au sponji. Ukitaka kufyonza kweli, jaza kona kutoka sakafu hadi dari kwa pamba ya miamba ya sentimita 20 au 30, ifunike kwa kitambaa, na ujiandae kupoteza nafasi. Sabufa ya pili katikati ya ukuta unaokabili ile ya kwanza husaidia sana, kama mfuko unaruhusu.

Ekwalaiza iache mwisho. Ishushe kwa desibeli chache pale tu panapovuma. Pale besi inapopotea usiipandishe, maana chumba kitaendelea kuimeza na amplifaya itaungua bure. Hapo hama kiti.