Plastiki Ipitishayo Umeme na Swali la Mwanafunzi Wangu

Hapa kwetu Mishomoroni, ukitoka sala ya alasiri ukashika njia ya madukani, humkosi fundi anayechomelea madirisha ya chuma. Hutia maji mawe ya kabaidi, ikatoka gesi iitwayo asetilini, akaiwasha. Watoto hukusanyika kutazama, nami mwalimu mstaafu husimama nao. Kila niionapo gesi ile hukumbuka aibu yangu ya mwaka 1983.

Mwaka huo nilikuwa nikisomesha sayansi. Niliandika ubaoni kwamba chuma hupitisha umeme na plastiki haipitishi, na ndiyo maana waya huvishwa plastiki. Kijana mmoja wa nyuma akanyosha mkono: “Mwalimu, plastiki zote?” Nikamjibu, “Zote. Kaa chini.” Darasa likacheka. Hakuuliza tena mwaka ule mzima.

Kumbe, wasomaji wapenzi, jawabu la swali lake lilikuwa limekwisha chapishwa miaka sita nyuma.

Mmoja wa wenye jawabu ni Bwana Hideki Shirakawa, Mjapani aliyezaliwa Tokyo mwaka 1936. Alikuwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, akiichukua asetilini ile ile ya fundi wetu na kuiunganisha iwe mnyororo mrefu, yaani poliasetilini. Kilichokuwa kikipatikana ni unga mweusi usiofaa kitu. Mwaka 1967 mgeni kutoka Korea aliyefanya kazi naye alitia kichocheo kupita kiasi. Kwa alivyosimulia Shirakawa mwenyewe, kilizidi mara elfu moja. Pahali pa unga ukatokea utando unaong'aa kama fedha. Wengi wetu tungemwaga na kuosha chombo, na mimi najijua, ningemkaripia mgeni wa watu. Yeye aliuchunguza mpaka akaijua sababu, akawa anautengeneza kwa makusudi.

Lakini kung'aa si kupitisha umeme, na utando ule haukuupitisha vizuri. Mwaka 1975 alifika Tokyo Alan MacDiarmid, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akisomesha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, naye ana utando wake wa rangi ya dhahabu. Wakaonyeshana wakinywa chai, na Shirakawa akaalikwa Philadelphia. Huko, tarehe 23 Novemba 1976, utando wa fedha ulipewa mvuke wa bromini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mara milioni kumi. Pamoja na mwanafizikia Alan Heeger walitangaza habari hiyo mwaka 1977, na mwaka 2000 watu hao watatu wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Shirakawa alikuwa amekwisha staafu Chuo Kikuu cha Tsukuba mwaka huo huo.

Bromini ilifanya nini? Fikiria safu ya msikitini. Watu wakiwa bega kwa bega hakuna wa kusogea. Akitoka mmoja, jirani husogea kuziba pengo, na jirani wa jirani naye, hata pengo likafika mwisho wa safu. Bromini huzinyang'anya minyororo ile baadhi ya elektroni zake. Zilizobaki zikapata nafasi ya kusogea, na kusogea huko ndiko umeme.

Poliasetilini yenyewe haikufika dukani, maana hewa huiharibu. Walifuata ndugu zake walio imara zaidi. Mwaka 1990 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walitangaza plastiki inayotoa mwanga ikipitishiwa umeme. Simu za bei kubwa leo vioo vyake huwaka kwa matabaka membamba ya vitu vya jamii hiyo ya kaboni. Mjukuu wangu amekwisha pasua viwili. Wala si mambo ya Ulaya na Japani tu: katika Chuo Kikuu cha Addis Ababa wanakemia wametengeneza plastiki za namna hii za kugeuza jua kuwa umeme, wakishirikiana na wenzao wa Sweden.

Yule kijana wa nyuma sasa ni mtu mzima mwenye mvi. Nimeuliza, nikaambiwa yuko Jomvu, anatengeneza redio na simu. Nimekata habari ya Shirakawa nikaikunja, i mfukoni mwa kanzu wiki ya tatu sasa. Jumamosi nitapanda matatu, inshallah, nikampe.