MATUNZO YA INJINI YA DIZELI YENYE TURBO: LAND ROVER 300TDI

Gari za Land Rover zenye injini ya 300Tdi zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1994, na kuanzia mwaka 1998 kiwanda kikaanza kuweka injini mpya ya Td5 mahala pake. Kwa hivyo, aghlabu ya gari hizo zimeshapindukia umri wa miaka ishirini. Hata hivyo zinaweza kuendelea kutumika kwa muda mrefu, kwani injini hii haifi kwa uzee. Huuawa na mambo matatu yenye gharama ndogo: mkanda, oili na maji. Makala haya yanawafahamisha madereva, wakuu wa vyombo vya usafiri na wananchi wenye gari za aina hiyo namna ya kuyasimamia.

INJINI YENYEWE

Injini ina silinda 4 zenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,495. Kipenyo cha silinda ni milimita 90.47 na mwendo wa pistoni ni milimita 97. Nguvu yake ya kawaida ni farasi 111 kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, na nguvu ya kuvuta ni nyutoni-mita 265 kwa mizunguko 1,800. Dizeli hunyunyizwa moja kwa moja juu ya pistoni, na pampu yake huendeshwa na injini yenyewe, aghlabu bila ya kompyuta.

Turbo ni feni mbili zilizofungwa katika mhimili mmoja. Moshi unaotoka huizungusha ya kwanza, na ya pili husukuma hewa kuingia katika silinda kwa shindikizo. Hewa ikizidi, dizeli nyingi zaidi huweza kuungua vizuri. Injini ya Land Rover ya ujazo huo huo isiyo na turbo, iliyotoka mwaka 1984, ilikuwa na nguvu za farasi 67 tu.

MKANDA WA TAIMINGI

Mbele ya injini, ndani ya kifuniko, mna mkanda wa mpira wenye meno. Mkanda huo ndio unaoendesha kemshafti na pampu ya dizeli kwa kufuatana na krankishafti. Ukikatika gari ikiwa katika mwendo, valvu hubaki wazi na pistoni huzipiga. Fito za kusukumia valvu hupinda, na mara nyengine valvu na hedi huharibika. Injini huzimika hapo hapo, na usukani na breki huwa vizito kwa dereva.

Kwa matumizi ya kawaida, mkanda hubadilishwa kila baada ya kilomita 120,000 hivi. Kwa nchi za joto na vumbi muda huo hupunguzwa kwa nusu, yaani kilomita 60,000, na hicho ndicho kipimo kinachofaa kufuatwa katika visiwa vyetu. Gari isiyotembea sana nayo isiachwe, kwa kuwa mpira huzeeka hata gari ikiwa imesimama.

Baadhi ya injini za miaka ya mwanzo zilitoka na kasoro: mkanda ulikuwa ukikimbilia upande mmoja na kujikwangua ukingoni. Kiwanda kilitoa vipuri vilivyorekebishwa, na fundi hana budi kuhakikisha kuwa vimefungwa. Chini ya kifuniko cha mkanda pana tundu dogo lenye kizibo. Kikifunguliwa na ukaonekana unga mweusi wa mpira au oili, gari isitumike mpaka mkanda ukaguliwe.

Ikumbukwe kuwa mkanda huu hauna taa ya kumtahadharisha dereva, na aghlabu hautoi mlio kabla ya kukatika. Kinachoweza kumjuulisha ni daftari la gari peke yake.

OILI NA TURBO

Injini huchukua lita 5.8 za oili, na lita 0.85 zaidi filta inapobadilishwa. Kipindi cha kawaida cha kubadilisha ni kilomita 10,000, lakini katika vumbi na safari fupi fupi kilomita 5,000 ndiyo salama.

Mhimili wa turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikosekana japo kwa muda mfupi, mhimili husagika. Kwa sababu hiyo dereva asikanyage mafuta mara tu baada ya kuwasha. Na baada ya safari ndefu au mzigo mzito, aiache injini katika sailensa kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili ipoze turbo.

MAJI YA REJETA

Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma. Madini hayo mawili yakikutana na maji ya kisima yenye chumvi, aluminiamu huliwa. Tumia maji safi yaliyochanganywa nusu kwa nusu na dawa ya rejeta. Wapo wanaodhani dawa hiyo ni ya nchi za baridi tu, lakini pia huzuia kutu na huchelewesha maji kuchemka.

Dereva asitegemee geji ya moto peke yake. Maji yakishamwagika, kipimo hubaki katika hewa na huenda kikaonesha hali ya kawaida hali ya kuwa hedi inapinda. Maji yatazamwe kila asubuhi, injini ikiwa baridi. Baada ya kujazwa upya, hewa itolewe katika vizibo vya juu.

DIZELI NA MOSHI

Dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Kuichanganya na mafuta ya taa, au kuacha maji katika chujio, ni kuiharibu pampu. Moshi mweusi huashiria hewa pungufu au dizeli ya kupindukia, na filta ya hewa ndiyo ya kutazamwa kwanza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha injini ikishapata moto huweza kuwa ni maji yanayoingia katika silinda.

DAFTARI LA GARI

Kila gari iwe na daftari lenye tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa na saini ya fundi. Gari iliyonunuliwa, au iliyohamishwa kutoka idara moja kwenda nyengine bila ya daftari, mkanda wake uhesabiwe kuwa umekwisha muda wake na ubadilishwe kabla ya gari kupewa kazi. Bei ya mkanda ni sehemu ndogo sana ya bei ya hedi. Na gari inayobeba mgonjwa usiku haipaswi kutegemea kumbukumbu ya dereva aliyekwisha kuhamishwa. Gari ya umma ni amana, na daftari lake ni sehemu ya amana hiyo.