Mtoto mwenye pampu ya insulini na Meza ya Bwana



Siku ya Komunyo ya Kwanza, muda mfupi kabla ya Misa, mama mmoja alinijia sakristia na binti yake aliyevaa gauni jeupe. Kiunoni mtoto alikuwa na kifaa kidogo chenye mrija mwembamba. “Baba Paroko,” akasema mama, “sukari yake imeshuka tukiwa njiani, nikampa juisi. Je, leo asikomunike?” Mtoto alitazama chini kana kwamba ametenda dhambi.

Binti huyo ana kisukari cha aina ya kwanza. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, nao mwili hushindwa kuitumia sukari iliyomo katika damu. Si matokeo ya kula peremende, si uzembe wa wazazi, wala si laana ya ukoo. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipotumiwa kwa mara ya kwanza kumtibu mgonjwa mjini Toronto, Kanada, mtoto wa namna hii hakuwa na tumaini la kuishi muda mrefu.

Hapa kwetu watoto wengi huchomwa sindano mara kadhaa kwa siku. Wachache hutumia pampu. Pampu hupitisha insulini kidogo kidogo chini ya ngozi, usiku na mchana, na wakati wa mlo kipimo huongezwa kulingana na chakula. Hata hivyo, haiwapumzishi wazazi. Mrija hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Ukiziba, mtoto aweza kuwa mahututi ndani ya saa chache. Insulini ikizidi, sukari hushuka, naye hutetemeka, hutoka jasho na kuchanganyikiwa. Ndiyo maana mama yule huamka usiku wa manane kumpima.

Kanisa linasemaje? Kanuni ya 919 ya Sheria ya Kanisa inaagiza kufunga chakula na kinywaji kwa muda usiopungua saa moja kabla ya Komunyo, isipokuwa maji na dawa. Kanuni hiyo hiyo inawaruhusu wazee, wagonjwa na wanaowahudumia kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Basi ruhusa hiyo ni ya mtoto, na ni ya mama pia.

Lipo jambo zito zaidi. Wapo wanaoshawishiwa kuacha insulini baada ya kuombewa, ili kuonyesha imani. Huko ni kumjaribu Mungu, na mtoto ndiye anayelipa kwa uhai wake. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu tabibu na kuipokea dawa kama zawadi ya Mungu. Mpako wa Wagonjwa hauchukui nafasi ya sindano.

Nawasihi makatekista: mtoto huyu akila kitu kanisani, msimkemee. Jumuiya Ndogo Ndogo ziulize familia kama insulini inapatikana. Nanyi wazazi, mkimwona mtoto ana kiu isiyoisha, anakojoa mno na anakonda, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Binti yule alikomunika pamoja na wenzake, na mama yake nyuma yake.

Mungu awabariki.