Mabega ya Wakati wa Vita
Mama wa Kyela anayempelekea fundi cherehani kitenge na kuomba mabega yaliyoinuka, huenda hajui kwamba mshono huo ulivuma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1941 Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi. Mwaka uliofuata marinda na vifungo vikawekewa mipaka. Sketi ziliishia magotini, mabega yakawa mapana kama ya sare ya askari. Mwaka 1971 Yves Saint Laurent aliurudisha mtindo huo jijini Paris, akalaumiwa vikali na waliokumbuka dhiki ile. Lawama zilipita, mabega yakabaki. Basi, ndugu msomaji, tusiige mabega tu, bali na uwekevu wake: marinda yakipungua, masalio hutosha gauni la mtoto.