Taa ya kulinda zizi: chagua kwa hesabu, si kwa namba ya kwenye boksi

MFUGAJI wa Manyamanyama, wilayani Bunda, akisikia mbuzi wakipiga kelele saa nane za usiku, kitu cha kwanza anachotafuta ni tochi. Kama betri zimekwisha, au mwanga haufiki zizini, hasara yake ataihesabu asubuhi.

Wilaya ya Bunda inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na wanyama hawajui mpaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu vijiji vya magharibi mwa hifadhi hiyo ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya mifugo iliyouawa na wanyamapori iliuawa na fisi, wala si simba. Bweha naye, ingawa ni mdogo, huchukua kuku na vitoto vya mbuzi.

Huko Marekani, wafugaji wanaosumbuliwa na koyote, mnyama wa jamii ya bweha, hufunga darubini na taa kwenye bunduki na kumvizia usiku katika majimbo yanayoruhusu. Hapa nchini njia hiyo inaweza kumfikisha mtu mahakamani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda usiku wala kuwinda kwa kumulika taa bila kibali, na bunduki yenyewe lazima imilikiwe kwa leseni.

Tena, macho yanayong'aa gizani si lazima yawe ya fisi. Macho ya mbwa wa jirani, ya ng'ombe na ya mbuzi nayo hung'aa yakimulikwa, na karibu yake anaweza kuwapo mtu. Kwa hiyo taa ya mfugaji ni ya kuonea na kufukuzia.

Mwanga wa namna gani?

Tochi yenye mwanga mwembamba hufika mbali lakini huonyesha doa dogo. Yenye mwanga mpana huonyesha zizi lote ila haifiki mbali. Kwa zizi la nyumbani, anza na mwanga mpana.

Usiamini namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Mwombe muuza duka muijaribu giza likishaingia. Hesabu hatua 50, weka kikapu au simamisha mtu, kisha mulika. Kama huoni vizuri ni kitu gani, tafuta nyingine.

Hesabu ya betri

Kwa taa ya kuwaka usiku kucha, zidisha wati za taa kwa saa itakazowaka. Taa ya wati 10 kwa saa 12 hula wati-saa 120. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 hubeba wati-saa 84 tu, hivyo taa itazimika kabla ya alfajiri. Taa ya wati 3 hula wati-saa 36, na betri hiyo inatosha bila kukaushwa kila siku, jambo ambalo huiua mapema.

Paneli ya wati 10 ikipata saa tano za jua kali hutoa, kwa hesabu ya juu, wati-saa 50. Siku za mawingu hupungua sana, hivyo mwenye uwezo achukue ya wati 20.

Nchini Kenya, kijana Richard Turere, aliyekuwa akiishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alifunga taa za kumwekamweka kuzunguka zizi la baba yake kwa kutumia betri ya gari na paneli ya jua. Simba waliona kama mtu anatembea na tochi. Utafiti wa mwaka 2018 katika eneo hilo ulionyesha kuwa mashambulizi ya usiku yalipungua kwenye maboma yenye taa hizo, lakini simba walianza kushambulia zaidi mchana.

Funzo lake ni kwamba taa haichukui nafasi ya mchungaji wala ya zizi imara. Kabla ya kutoa fedha dukani, ziba kwanza matundu ya zizi. Mnyama akizidi kusumbua, toa taarifa kwa ofisa wanyamapori badala ya kumfuata gizani peke yako.