Vazi la Kuogelea la Wanawake: Historia Yasemaje?

Wapo wanaodhani kuwa mwanamke kujisitiri baharini ni jambo geni kwa Wazungu. Historia yawakanusha. Uingereza, katika karne ya 18 na ya 19, wanawake wengi waliingia baharini na kanzu ndefu za kitambaa kizito. Baadhi zilishonewa vipande vya risasi upindoni ili zisielee. Walibadilisha nguo ndani ya kibanda cha magurudumu kilichokokotwa na farasi hadi majini.

Bikini ilitokea Paris mwaka 1946. Na mwaka 2016, baadhi ya miji ya Ufaransa ilimkataza Muislamu aliyejisitiri asiogelee ufukweni!

Ndugu Waislamu, ada za watu hubadilika. Hukumu ya kusitiri uchi haibadiliki. Wallahu a'lam.